Kumfunda Mzazi: Historia ya Mafunzo ya Malezi Afrika Mashariki na Mizani ya Mafanikio Yake

1.0 Utangulizi

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hunukuliwa mara nyingi kama onyo kwa mzazi, lakini ndani yake mna swali ambalo methali yenyewe hailijibu: mzazi naye hufundwa na nani? Kulea si silika tupu. Ni kazi yenye maarifa yake, na kila jamii imekuwa na namna ya kuyarithisha maarifa hayo kwa wale wanaokaribia kupata watoto au waliokwisha kuwapata. Katika karne ya ishirini na mwanzoni mwa karne hii, kazi hiyo ilianza kufanywa pia na serikali, vyama na mashirika, chini ya majina kama vile vilabu vya kina mama, kampeni za afya na, katika miaka ya karibuni, programu za malezi.

Mhadhara huu unachunguza historia ya mafunzo hayo katika Afrika Mashariki kwa kuzingatia swali moja: je, yalifanikiwa, na mafanikio yake yalipimwaje? Uzito wa swali hili si wa kitaaluma pekee. Katika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, takribani vijana watatu kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walieleza kwamba walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi wao waliwataja jamaa na walimu kuwa ndio waliowapiga. Kwa hiyo, anayesema kwamba mafunzo fulani yanabadili mwenendo wa mzazi anatoa ahadi kubwa, na ahadi hiyo yapasa kukaguliwa.

Hoja ya msingi ni kwamba mafunzo ya malezi yameelekea kuzaa matunda pale yalipomshirikisha mzazi katika kutenda, kwa muda mrefu, mbele ya watu anaowaamini. Na kwamba vipimo vya mafanikio hayo vinategemea maneno kuliko inavyodhaniwa. Hapo ndipo taaluma za Kiswahili zinapohusika moja kwa moja.

2.0 Wosia, Unyago na Nafasi ya Somo

Ushahidi mashuhuri wa maandishi ya Kiswahili kuhusu mzazi anayemfunda mwanawe ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, aliutunga utendi huo mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake akiwa katika ugonjwa. Ulinakiliwa kwa mkono na kuhifadhiwa kwa moyo na wanawake wa pwani ya kaskazini, hata Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kama kitabu mwaka 1934. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya utendi huo inahusu wajibu wa binti kwa Mungu, kwa wazazi na kwa mume. Habari za namna ya kumtunza mtoto mchanga au kumwongoza kijana ni chache. Mtunzi alijenga tabia ya binti yake, akitumaini kwamba tabia hiyo ndiyo itakayowalea wajukuu.

Mkondo huu wa wosia haukukatika. Katika karne ya ishirini Shaaban Robert aliuendeleza kwa Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Katika tungo hizi zote, anayefundisha ni mzazi mwenyewe, na chombo chake ni neno lililopangwa vizuri ili likumbukwe.

Pamoja na wosia palikuwa na mafunzo ya vitendo. Desturi za Waswahili, kitabu kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kinaanza na habari za mimba na uzazi kabla ya kufika kwenye chuo, jando na unyago. Katika ulimwengu huo, mwari hakufundwa na mama yake mzazi katika mambo yote. Alikabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mzima ambaye uhusiano wake na mwari haukuisha siku ya kutolewa nje. Somo alikuwapo siku ya harusi, na mara nyingi aliendelea kuwa mtu wa kuulizwa mambo ambayo binti angeona haya kumwuliza mamaye. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya ngoma, mafumbo, vielelezo na maigizo. Mwari alitakiwa kuonyesha kwamba ameelewa, si kusikiliza tu.

Isidhaniwe kwamba enzi hiyo ilikuwa pepo ya malezi. Unyago ulifundisha utiifu mwingi kuliko uhuru, na fimbo ilijulikana vyema katika chuo na katika kumbi. Wala hakuna takwimu za kuonyesha unyago ulileta matokeo gani kwa watoto waliozaliwa baadaye. Jambo linaloweza kusemwa kwa uhakika ni la muundo: palikuwa na mwalimu anayejulikana, mafunzo yanayotendwa, na uhusiano unaodumu baada ya mafunzo kwisha. Mambo haya matatu yataonekana tena, kwa majina mengine, zaidi ya karne moja baadaye.

3.0 Vilabu vya Enzi ya Ukoloni

Utawala wa kikoloni ulileta dhana mpya, yaani dhana kwamba mama Mwafrika hajui kulea na kwamba ujinga wake ndio chanzo cha vifo vya watoto. Maelekezo ya afya yalianza kutolewa kwa njia ya zahanati, misheni na magazeti. Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilibeba maelekezo ya afya na kilimo sambamba na habari na mashairi. Msomaji alielekezwa la kufanya, lakini hakukuwa na njia ya kujua kama alilifanya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya. Mwaka 1952, mwaka ambao pia Hali ya Hatari ilitangazwa, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kikoloni. Viongozi wa vilabu walifunzwa katika Jeanes School, Kabete, kisha wakarudi vijijini kuwafunza wenzao ushonaji, upishi, usafi na utunzaji wa watoto. Kwa wanawake wengi, klabu ilikuwa mahali pa kukutana na kupata ujuzi wa kweli. Lakini serikali ilikuwa na shabaha nyingine pia, nayo ni kuwavuta wanawake mbali na vuguvugu la Mau Mau. Idadi ya wanachama ilipoongezeka, ongezeko hilo lilihesabiwa kuwa mafanikio, hali mtu aweza kujiunga na klabu kwa kutafuta usalama, msaada au sabuni, bila kubadili lolote katika namna anavyomlisha au anavyomrudi mwanawe.

Hapa ndipo lilipoanzia kosa ambalo limeendelea kuzifuata programu nyingi hadi leo: kuhesabu mahudhurio badala ya mabadiliko. Rejesta ya wanachama ni ushahidi kwamba watu walikuja; haiwezi kuwa ushahidi wa kilichotokea nyumbani waliporudi.

4.0 Redio na Mizani: 1973 hadi 1988

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Katika kampeni hiyo, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kwa muda wa majuma 12. Kila kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma sehemu ya kijitabu, kikajadili, kisha kikaazimia jambo la kutenda kabla ya kukutana tena. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo mafupi, na wengi wao walikuwa wakazi wa vijiji hivyo hivyo. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe.

Tofauti na vilabu vya awali, kampeni hizi ziliacha alama zinazoonekana kwa macho. Choo kilichochimbwa kinahesabika. Hata hivyo, mazingira ya wakati huo yanamtaka mwanahistoria awe mwangalifu. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, na sauti ya redio ilikuwa na nguvu ya chama na serikali nyuma yake. Aliyechimba choo huenda alishawishika na mjadala. Huenda pia alimwogopa balozi wa nyumba kumi. Tendo ni moja, sababu ni mbili, na tofauti yake hujitokeza pale usimamizi unapoondoka.

Hatua iliyofuata ilikuwa mkoani Iringa. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, mradi wa lishe ulioendeshwa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF ulianza katika vijiji 168. Kiini chake kilikuwa mizani. Watoto walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito mara kwa mara hadharani, matokeo yakajadiliwa na wazazi pamoja na serikali ya kijiji, sababu zikachambuliwa, na hatua zikachukuliwa kwa kadiri ya uwezo uliopo. Kisha watoto wakapimwa tena. Kati ya mwaka 1984 na 1988, kiwango cha watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo kilishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi asilimia 38, na wale wenye upungufu mkali walishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya asilimia 2.

Iringa inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzazi hakuhubiriwa. Alionyeshwa mstari wa uzito wa mwanawe kwenye kadi, akaulizwa, pamoja na majirani zake, kwa nini umeshuka. Mara nyingi jibu halikuwa ujinga. Lilikuwa kwamba mama hana muda, kwamba shamba liko mbali, kwamba mtoto hulishwa mara mbili tu kwa siku kwa sababu hakuna wa kumpikia mchana. Matatizo ya namna hiyo hayatatuliwi kwa somo la lishe pekee. Ndiyo maana vijiji vingine vilianzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto mchana. La pili ni la kimbinu. Mabadiliko yaliyotokea yalihusisha chanjo, huduma za afya, uhamasishaji na siasa ya kijiji kwa pamoja, wala vijiji havikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo ni vigumu kusema ni sehemu gani ya mafanikio iliyotokana na mafunzo ya wazazi na ni ipi iliyotokana na mengine.

5.0 Enzi ya Majaribio ya Kulinganisha

Ugumu huo ndio uliowafanya watafiti waelekee kwenye majaribio ya kulinganisha, ambapo kura huamua nani apate mafunzo na nani asubiri. Jaribio ambalo limefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi katika nchi maskini ni la Jamaica. Mnamo mwaka 1986 watafiti walianza kushughulika na watoto 129 waliodumaa katika mitaa ya Kingston. Baadhi ya familia zilitembelewa nyumbani kila juma kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliomwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye, waliokuwa katika kundi hilo walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Nyongeza ya chakula peke yake haikuacha athari kama hiyo.

Barani Afrika, jaribio lenye uhusiano wa karibu na Kiswahili lilifanyika katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Programu hiyo iliitwa Sinovuyo, neno la Kixhosa lenye maana ya ‘tuna furaha’. Familia 552 kutoka jumuiya 40 zilihusika, kila moja ikiwa na mzazi au mlezi na kijana mmoja. Waliopangiwa mafunzo walihudhuria vipindi 14 vilivyoendeshwa na watu wa maeneo hayo hayo, wakaigiza magomvi ya nyumbani na njia za kuyatatua, wakajifunza pia kupanga matumizi ya fedha na kuweka akiba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba, miezi michache baada ya mafunzo, walezi waliopata mafunzo waliripoti ukatili mdogo zaidi, kwa karibu nusu, kuliko wale wa kundi la kulinganisha. Lakini vijana wao walipoulizwa, tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba haikuweza kutofautishwa na bahati.

Programu hiyo ilipoletwa Tanzania ilipewa jina la Furaha, na katika miaka ya 2020 na 2021 iliwafikia maelfu ya wazazi na vijana. Kwa mara nyingine swali la mizani lilijitokeza: programu inapotanuka kiasi hicho, tathmini yake huwa ya kulinganisha hali ya kabla na ya baada, bila kundi la pembeni, na nguvu ya ushahidi hupungua wakati ule ule idadi ya wanufaika inapoongezeka.

Magharibi mwa Kenya, jaribio lililopewa jina la Msingi Bora lilihusisha vijiji 60 na watoto wadogo zaidi ya 1,000 pamoja na mama zao. Wahudumu wa afya wa kujitolea waliendesha mikutano 16 ya vikundi katika baadhi ya vijiji. Katika vingine waliendesha mikutano 12 na kuwatembelea mama nyumbani mara nne. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, watoto wa mama waliokutana katika vikundi pekee waliendelea vizuri katika utambuzi na katika kuelewa lugha, na maendeleo yao yaliwapita wale wa njia mchanganyiko. Kuwaalika kina baba hakukuleta nyongeza iliyoonekana. Matokeo haya yaliwashangaza waliodhani kwamba mafunzo ya mtu mmoja mmoja lazima yawe bora. Kwa anayeijua historia ya unyago na vikundi vya redio, yanaeleweka: mama hujifunza kwa kumtazama mama mwenzake, na aibu ya kubaki nyuma pamoja na fahari ya kufanikiwa ni walimu pia.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza programu za malezi kwa kuzingatia mamia ya majaribio kutoka mabara mbalimbali. Tanzania nayo ilikuwa imezindua, mwaka 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa miaka mitano. Suala la kama mafunzo ya malezi yanaweza kuleta mabadiliko limekwisha kujibiwa kwa kiasi kikubwa. Suala la yanabadili nini, na kwa ushahidi wa nani, bado.

6.0 Lugha ya Vipimo

Tofauti kati ya kauli ya mlezi na kauli ya kijana katika jaribio la Sinovuyo inastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Zipo fasiri zaidi ya moja. Yawezekana mzazi alibadilika kidogo na kujiona amebadilika sana. Yawezekana pia kwamba mafunzo yalimfundisha jibu linalotarajiwa. Lakini ipo fasiri ya tatu, nayo ni kwamba mzazi na mtoto hawakuwa wakilitaja jambo lile lile.

Kiswahili kinaionyesha hatari hiyo waziwazi. Kitendo kimoja cha mkono juu ya mtoto kinaweza kuitwa kumpiga, kumchapa, kumwadhibu, kumtia adabu au kumrudi. Neno adhabu, lenye asili ya Kiarabu, limebeba kivuli cha mateso na hukumu. Kumtia adabu ni kumpa mtoto kitu, yaani heshima na mwenendo mwema. Kumrudi, na nomino yake ya zamani marudi, ni kumrejesha aliyepotea njia. Mzazi anayekana kwamba hakumpiga mwanawe mwezi uliopita aweza, bila kusema uongo, kukiri kwamba alimrudi mara mbili. Dodoso linalotumia neno moja tu litapata jibu la neno hilo, si la kitendo. Na iwapo mafunzo yenyewe yamelihamisha tendo kutoka neno moja hadi jingine, takwimu zitashuka bila fimbo kupungua. Sheria nayo haiko nje ya tatizo hili: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inakataza mateso na adhabu za kikatili, lakini inaacha nafasi ya marekebisho yanayohesabiwa kuwa ya kiasi, na kiasi hicho hupimwa kwa maneno.

Methali zina utata wa namna hiyo hiyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe imetumiwa kutetea kiboko, ilhali ndani yake hakuna kiboko. Inazungumzia mzazi anayeshindwa kumkatalia mtoto kwa kuogopa machozi yake. Na kukataa kwa upole na uthabiti ndiko hasa kunakofundishwa katika programu za siku hizi. Mwezeshaji anayeijua methali hii kwa undani ana silaha ambayo tafsiri ya mwongozo wa kigeni haiwezi kumpa.

Aidha, neno mzazi halitoshi. Programu huandika ‘mzazi/mlezi’ kwa mkwaju, lakini nyumba nyingi zina bibi, shangazi, mama mdogo na dada wa kazi. Anayehudhuria kikao si lazima awe ndiye anayeshinda na mtoto. Pale mabadiliko yanapoonekana kuwa madogo, inafaa kuuliza kwanza kama aliyefunzwa ndiye anayelea.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haiungi mkono dai kwamba mafunzo ya malezi ni dawa ya kila ugonjwa wa nyumba, wala dai kwamba ni mambo ya kuletwa yasiyo na mizizi. Yalipokuwa tangazo au rejesta ya wanachama, yaliacha ushahidi mdogo wa kufaa. Yalipokuwa kikundi kinachokutana kwa majuma mengi, kinachoongozwa na mtu wa mahali hapo, kinachotenda na kurudi kujihoji, yalileta mabadiliko ambayo mizani na majaribio vimeyathibitisha. Iringa inakumbusha kwamba mama asiye na muda wala chakula hatosheki kwa maarifa, na Sinovuyo inakumbusha kwamba anayepaswa kuulizwa mwisho kama nyumba imebadilika ni mtoto.

Mintarafu hilo, kazi moja inawangoja wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili. Madodoso yanayopima malezi hutungwa kwa lugha nyingine, kisha hutafsiriwa. Yanahitaji kutungwa upya kutokana na msamiati wa nyumba zenyewe, kwa kuzingatia lahaja, rika na jinsia ya anayeulizwa, ili mzazi na mtoto waulizwe kuhusu tendo lile lile kwa maneno ambayo kila mmoja wao huyatumia. Mpaka hapo kazi hiyo itakapofanywa, kila asilimia inayotangazwa kuhusu mafanikio ya mafunzo haya itabaki na swali pembeni yake: mtoto naye amesemaje?